Uliza Fundi: Bunduki Yako Unamwachia Nani Aipake Rangi?

Toleo lililopita niligusia kidogo tu hizi rangi za seramiki zinazopakwa kwenye silaha, hasa ile ya Cerakote inayotengenezwa Oregon, nikasema fundi ana maana kuliko rangi yenyewe. Basi maswali yamemiminika, mengi ya ndugu zetu wa hapa Marekani maana ndiko kazi hii ilikoshamiri, na machache ya nyumbani. Nimechukua sita. La kwanza ntalijibu kwa kirefu kwa sababu ndilo mama wa mengine yote.

Shikamoo fundi. Nipo Houston, nina grini kadi, nina bunduki ya bolti, ile ya kuvuta komeo kila risasi, naendea nguruwe pori. Imeanza kuota kutu karibu na bolti, nadhani ni unyevu wa huku na jasho la mikono. Nimepata maduka matatu ya kupaka. La kwanza bei chee kabisa, la pili lina picha kali kweli mtandaoni, la tatu ni mzee mmoja hata bango la maana hana. Nimpe nani?

Marahaba mdogo wangu. Picha weka pembeni kwanza. Picha inapigwa siku kazi imetoka kwenye oveni, na siku hiyo hata rangi ya kopo la dukani inapendeza, we ungetaka kuona hiyo bunduki baada ya misimu miwili ya kulala kwenye matope na kufutwa na mafuta.

Ukiingia duka lolote kati ya hayo matatu anza na swali la leseni. Mtu anayefanya biashara ya kupokea silaha za watu azitengeneze au azipake anatakiwa awe na leseni ya serikali kuu, ile watu wote wanaita FFL, inatolewa na ATF, idara ya serikali inayosimamia silaha. Muulize akuonyeshe, na fundi wa kweli hata hakasiriki, inakuwa imetundikwa ukutani. Halafu muulize daftari. Silaha ikilala kwake hata usiku mmoja lazima iandikwe: aina, modeli, namba, kaliba, jina lako na anwani, tarehe iliyoingia, na siku unayochukua anaandika imetoka. Akikwambia "aah acha tu hapo mezani ntakupigia", chukua bunduki yako uondoke. Manake duka likivunjwa usiku ule, na bunduki yako ikaokotwa kwenye tukio la watu usiowajua, hilo daftari ndo litasema haikuwa kwako. Kwa sisi wahamiaji hili si jambo dogo hata kidogo.

Jua pia kwamba ukiichukua wewe mwenyewe uliyeileta hujazi fomu wala hukaguliwi upya, anakurudishia tu. Ila ukimtuma shemeji yako aichukue, hapo inahesabika kama silaha inakabidhiwa mtu mwingine, kuna fomu na ukaguzi, kwahiyo nenda mwenyewe.

Sasa kazi yenyewe. Cerakote ile ya kupika kwenye oveni inakaa kwenye chuma kwa unene wa kama elfu moja ya inchi, yaani robo ya unene wa karatasi ya fotokopi. Kitu chembamba hivyo hakina uwezo wa kuficha uchafu wala kujishikiza chenyewe, kinashika pale ambapo chuma kimeandaliwa. Kwahiyo maswali yako yote yaende kwenye maandalizi. Muulize, unaivua yote? Jibu ni ndiyo, mpaka pini na springi. Kuna watu wanaziba kwa utepe na kupuliza juu juu bila kufungua, huyo mkimbie. Muulize unatoaje mafuta, akwambie inaloweshwa kwenye asetoni au kitu cha namna hiyo, siyo kufutwa na kitambaa. Muulize anapiga mchanga wa nini, yaani ule unaopulizwa kwa hewa kukwaruza chuma. Anatakiwa aseme oksidi ya alumini, namba 100 au 120, ile yenye makali, inakwaruza chuma kinakuwa na vimeno vidogo ambavyo rangi inaving'ang'ania. Akisema anatumia zile shanga za kioo ujue hapo hamna, zile zinagongagonga chuma kinakuwa laini kinapendeza kwa macho lakini rangi haina pa kushika.

Halafu kuna hatua moja wengi wanairuka kwa sababu inakula muda na mteja haioni. Baada ya kupiga mchanga, kabla ya kupaka, vyuma vinawekwa kwenye oveni vitupu, kama nyuzi 300 za Farenhaiti, saa nzima. Nakumbuka mara ya kwanza nilipoonyeshwa hili, tulikuwa na bunduki ya zamani tumeilowesha usiku kucha, tumeisugua, mimi naapa ni safi. Tukafungua oveni tukakuta machozi ya kahawia yametiririka kutoka pale mtutu unapoingia kwenye bodi, na mengine kwenye vitundu vya skrubu za darubini, mafuta ya miaka thelathini yamejificha kwenye nyuzi za skrubu na joto limeyatoa. Tukarudia kulowesha, tukarudisha kwenye oveni, yakatoka tena kidogo, mara ya tatu ndo pakavu. Sasa fikiria kama tungepaka siku ile ya kwanza. Yale machozi yangetoka rangi ikiwa inapikwa, na pale pale ndo ingebanduka.

Na mimi nimeshaumizwa na hili. Bunduki yangu ya kwanza kabisa kupaka niliipeleka mahali nilipofuata bei, siku naichukua ilikuwa nzuri rangi ya udongo, msimu haujaisha ikaanza kupanda malengelenge kuzunguka triga, nikakwaruza na ukucha ikatoka kama ganda la yai lililochemshwa, chini yake chuma kinang'aa na kina mafuta. Nililipa mara mbili, na kilichoniuma zaidi ilikuwa zawadi ya baba mkwe.

Muulize pia ni nini *hapaki*. Ndani ya mtutu na chemba zinazibwa na vizibo, pini ya kupiga haiguswi, springi haziguswi. Na ile namba ya silaha isomeke vizuri baada ya kupaka, kwa sababu sheria ya huku inakataza kabisa silaha ambayo namba imefutwa au kuharibiwa, rangi nzito iliyojaa kwenye namba inakuweka pabaya mbele ya askari. Fundi mzuri utamsikia mwenyewe anataja namba kabla hujauliza.

Mzee asiye na bango nenda kamsikilize. Simsifii kwa sababu ni mzee, nakwambia tu kwamba majibu ya hayo maswali ndo bango lake, na yule wa picha kali naye muulize hayo hayo, anaweza kuwa mzuri kweli. Yule wa bei chee muulize kazi inamchukua masaa mangapi. Rangi yenyewe kwenye kazi hii ni kidogo, hela inakwenda kwenye kuvua, kulowesha, kupiga mchanga, kuziba, kupika mara mbili na kufunga tena, sasa kama bei iko nusu ya wenzake basi kuna hatua haipo, na mara nyingi ni ile ya oveni kavu. Nenda mapema pia, Februari au Machi, ukisubiri Oktoba wakati kila mtu Texas anajiandaa na msimu wa kuwinda kulungu wa Novemba utakuta foleni ya wiki na wiki na fundi anakimbizana.

Ukiipeleka iwe tupu kabisa, risasi ziache nyumbani, darubini itoe mwenyewe.

Habari kaka fundi. Mimi ni mama wa watoto wawili, Columbus Ohio, natoka kazini usiku kwahiyo nina bastola yangu halali. Nataka niipake pinki na nyeupe. Mume wangu anasema nitaiharibu. Kweli inaharibika?

Nzuri dada yangu. Ikipakwa na anayejua haiharibiki, lakini wasiwasi wa shemeji una chanzo. Bastola ina reli ambazo slaidi, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma kila ukipiga, inateleza juu yake, na mtutu unajifunga kwenye slaidi kwa nafasi finyu sana. Ukiongeza rangi pande zote mbili za hiyo nafasi slaidi inakuwa nzito, inaweza kukwama katikati, na wewe umeinunua kwa ajili ya ile siku moja ambayo haitakiwi kukwama. Muulize fundi anafanyaje kwenye reli. Nataka akwambie haziguswi au anapitisha nyembamba sana, halafu anaifunga na kuijaribu kwa mkono kabla hajakupa. Na wewe ukishaichukua, kabla hujaiweka kwenye mkoba nenda nayo uwanja wa shabaha, piga boksi mbili au tatu, ikikwama hata mara moja rudi kwake.

Kama bodi ya bastola yako ni ya plastiki mwambie mapema. Chuma kinapikwa nyuzi 250 kwa saa mbili, plastiki hiyo haiwezi, inapikwa kwa joto la chini na muda mrefu zaidi. Duka lisilotofautisha litakurudishia bodi iliyopinda.

Kuhusu nyeupe, ntakwambia ukweli, inashika masizi kuzunguka mdomo wa mtutu na alama za ala inapotoka na kuingia kila siku. Pinki inavumilia zaidi.

Lakini dada, linalonigusa zaidi ni hao watoto wawili. Bastola ya pinki na nyeupe kwa macho ya mtoto wa miaka minne ni toi. Na kwa macho ya polisi usiku inaweza kuonekana toi au isionekane, huwezi kujua ataamua nini. Jiji la New York limekataza kabisa silaha za rangi za namna hiyo, kwahiyo hata kusafiri nayo kule usithubutu. Na mdomo wa mtutu usiupake chungwa hata kwa mapenzi gani, ile ncha ya chungwa sheria imewapa watengeneza toi ndo watofautishe. Ushauri wangu, pinki weka kwenye kitu kidogo, tuseme kitufe cha kutolea magazini au maandishi, mwili ubaki rangi ya bunduki. Na sanduku lenye kufuli linunue kabla ya rangi.

Fundi, mi ni mwanafunzi hapa Minneapolis, viza ya F-1. Mshkaji wangu ana uraia, anafanya shifti mbili, kaniomba nimpelekee bunduki yake dukani ikapakwe. Ni kuendesha tu dakika ishirini. Kuna tatizo?

Kuna tatizo kubwa mdogo wangu, usiiguse. Mwenye viza ya muda kama yako kwa sheria ya serikali kuu haruhusiwi kuwa na silaha wala risasi, na "kuwa nayo" haimaanishi kuimiliki, hata kuibeba kwenye buti ya gari dakika ishirini ni kuwa nayo. Kuna vighairi, kinachojulikana zaidi ni mwenye leseni halali ya uwindaji ya jimbo, lakini hicho sio kitu cha kukisia mwenyewe, uliza wakili wa uhamiaji. Kosa la silaha peke yake linatosha kumfanya mtu arudishwe kwao, na hata mwenye grini kadi halimwachi. Mwambie mshkaji kwa upendo kabisa asubiri siku yake ya mapumziko. Na hata angekuwa ana haraka, daftari la duka litaandika jina la aliyeleta, na ni huyo huyo anayerudishiwa kirahisi, kwahiyo ungemsumbua na yeye.

Shikamoo. Niko Iringa. Nina shotigani ya mitutu miwili ya pembeni kwa pembeni, ilikuwa ya babu, leseni ipo kwa jina langu na kila kitu sawa. Mitutu imepauka imekuwa ya kijivu. Fundi mmoja mwenye kibali anasema ataichemsha kwenye dawa iwe nyeusi kama mpya. Nimwachie?

Marahaba mjukuu wa mwindaji. Nimelisoma swali lako nikasimama. Usimwachie mpaka umsikie anavyojibu kuhusu bati, siyo la paa, ile lehemu laini inayoshikanisha mitutu.

Mitutu miwili ya shotigani za kizamani haikuchomelewa, imeunganishwa kwa bati, pamoja na ule ukanda wa chuma unaopita juu katikati na mwingine chini. Ile dawa ya kuchemsha ni soda kali na chumvi zake, na soda ile inakula bati. Wanachemsha, inatoka nyeusi inapendeza, baada ya muda ukanda unaanza kuachia. Na hata usipoachia leo, maji ya dawa yanaingia kwenye uwazi kati ya mitutu ambako hakuna kitambaa kinachofika, yanakaa humo yanaota kutu kutoka ndani. Bunduki iliyomvumilia babu maisha yake yote inaharibiwa na mchana mmoja.

Njia ya silaha kama hiyo ni ya kutu yenyewe. Fundi anaisafisha mitutu mpaka hakuna alama ya kidole, anapaka dawa ya asidi nyembamba kwa pamba, anaining'iniza mahali penye unyevu mpaka iote kutu laini rangi ya chungwa. Halafu anaichemsha kwenye maji safi, ile kutu inageuka nyeusi kama weluweti, anaisugua na nyuzi za chuma laini sana, chini panabaki wingu la bluu hafifu. Anarudia hivyo siku baada ya siku, kila mara bluu inazidi kuingia. Ni kazi ya uvumilivu ndo maana wengi hawaitaki, lakini maji yanayochemka hayafikii joto la kuyeyusha bati.

Rangi ya seramiki nayo kwa silaha hii hapana, si kwa sababu haishiki, ila kuipiga mchanga kutaifuta michoro ya mkono iliyo ubavuni, na hiyo hairudi.

Kabla hujaipeleka popote jaribu hivi. Hakikisha haina risasi, fungua mitutu uitoe kwenye bodi, ining'inize kwa kamba iwe inaelea, igonge taratibu kwa kijiti cha mbao. Ikilia kama kengele na mlio ukaning'inia, bati bado limeshika. Ikitoa mlio mfu, mahali fulani pameachia, na hapo usiipige risasi tena mpaka fundi bunduki aione. Na ukiona mitutu ina mistari ya kujisokota kama nyuzi za mkeka, hiyo ni ya chuma cha kufuma cha zamani, isafishe, itundike, risasi za kisasa usiitie kabisa.

Sasa boss, niko Nakuru, nina sataifiketi ya bastola. Kuna jamaa anapaka rims za magari rangi ya poda, ile ya unga inayopikwa, kazi safi sana. Anaweza nipakia?

La hasha ndugu yangu, kwa sababu mbili. Ya kwanza, kumwachia silaha mtu asiye na kibali ni kosa kwako kabla hata hajafungua kopo, na Bodi ya Leseni za Silaha haitajali rims zake ni safi kiasi gani. Ya pili, poda ni nene mara mbili tatu au zaidi ya Cerakote, kwenye rim hiyo ni raha, kwenye bastola hakuna kitakachoingia mahali pake. Nenda kwa muuzaji wa silaha aliyesajiliwa, uliza nani anafanya kazi hii kihalali, na kama hakuna basi ifute mafuta vizuri ubaki nayo ilivyo.

Kaka, Denver hapa. Nilipaka bunduki yangu miezi minne iliyopita, rangi imeanza kutoka. Duka linasema ni uchakavu wa kawaida. Ntajuaje kama wananidanganya?

Angalia imetokea wapi na imetokaje, rangi yenyewe itakwambia. Uchakavu wa kawaida unaanza kwenye kona na kingo, pale inapogusana na ala au mkanda, inafifia polepole kama ncha ya kiatu na ukipapasa huhisi ngazi. Kwa hilo duka halina kosa, hakuna rangi isiyolika. Lakini kama inatoka vipande vipande kwenye sehemu bapa isiyoguswa na kitu, ukipitisha ukucha unahisi ukingo, na chini chuma kinang'aa laini, hapo hapakupigwa mchanga inavyotakiwa. Ukiona malengelenge au doa la mafuta karibu na maungio, hawakuipika kavu. Halafu chukua kitambaa cheupe, weka tone la asetoni, sugua mahali pa siri kwenye chuma, ndani ya kile kikinga kinachozunguka triga kwa mfano, plastiki usiiguse. Rangi iliyochanganywa na kupikwa sawasawa haiachi kitu kwenye kitambaa. Kitambaa kikitoka na rangi, ama haikuiva au sio rangi waliyokuuzia.

Piga picha mchana kwenye mwanga wa jua, karibu, na risiti yako pembeni. Rudi dukani asubuhi wakati hakuna wateja, ongea na mwenye duka mwenyewe siyo kijana wa kaunta, usipandishe sauti, muonyeshe ukucha na kitambaa. Wengi wenye heshima ya kazi wakiona hivyo wanarudia bure. Ila usikubali wapulize juu ya ile ya zamani, itabanduka yote pamoja. Mwambie aandike kwenye risiti mpya kwa mkono wake, kuvua yote, kupiga mchanga upya, kupika kavu kabla ya kupaka, aweke tarehe na asaini, ndo umwachie bunduki.